Hadi Atakapopona

Karatasi ya matokeo ilibandikwa saa nne asubuhi kwenye ubao wa matangazo wa kitivo cha kilimo, na ilipofika saa tano wanafunzi wa mwaka wa tatu walikuwa wameshasukumana mbele yake, wengine wakacheka, wengine wakalia, wengi wakaipiga picha kwa simu. Yvette hakusukumana. Alikaa kwenye ngazi za maktaba akangoja wote watawanyike, maana viwiko vya watu vilimuumiza kuliko vinavyowaumiza wengine, kisha akaenda kusoma peke yake. Mbele ya jina lake, kwenye somo la mazao ya chakula, hapakuwa na alama. Palikuwa na neno moja la wino mwekundu: fraude.

Alilisoma mara tatu. Maana yake aliijua, kila mwanafunzi wa Kindu anaijua: ameiba mtihani. Akajaribu kukumbuka ni lini aliiba. Aliupitia mtihani wote kichwani, tangu alipokaa mpaka aliporudisha karatasi, asione mahali. Basi akaenda kuuliza.

Mwalimu wa somo hilo aliitwa Ferdinand. Alikuwa hajapata udaktari bado, cheo chake kilikuwa chef de travaux, na wanafunzi wote walimwita Chef. Yvette alimkuta ofisini na wasaidizi wawili, wanakula karanga na ndizi za kuchoma. Mlango ulikuwa wazi, akaingia.

"Kwenye ubao mumeandika nimeiba," alisema. "Sikuiba."

Chef Ferdinand alimaliza kutafuna, akafuta vidole kimoja kimoja.

"Bonjour, mademoiselle."

"Bonjour. Sikuiba."

Wasaidizi wakatazamana. Chef akachomoa karatasi kutoka kwenye rundo la mitihani, akaiweka mezani, akaipiga kwa kucha.

"Swali la pili. Umeandika ukurasa mzima wa syllabus yangu, kitabu cha somo nilichowapa, neno kwa neno. Hata mabano. Hata koma. Muntu gani anakumbuka koma za mwenzake kama hakuficha syllabus chini ya meza?"

"Mimi. Nikisoma kitu mara tatu kinabaki."

"Na hapa?" Kucha ikashuka mistari miwili. "Hapa umeandika mpunga unakomaa siku mia mbili na kumi, halafu pembeni umeandika mia moja na ishirini. Ulikuwa unachagua?"

"Hapana. Muliuliza syllabus inasema nini. Syllabus inasema mia mbili na kumi. Lakini hapo mulikosea, muligeuza tarakimu. Ukweli njo mia moja na ishirini. Mpunga wa siku mia mbili na kumi ungemaliza watu kwa njaa."

Msaidizi mmoja alicheka kwa pua. Akajifanya anakohoa, lakini kicheko kilikuwa kimeshatoka, na Chef Ferdinand alikuwa amekisikia. Yvette hakujua kwamba pale ndipo mambo yalipoharibika. Alidhani wanaendelea kuzungumza juu ya mpunga.

"Nani amekutuma?" Chef aliuliza taratibu.

"Hakuna muntu. Nimekuja mwenyewe." Akaona afadhali aeleze tangu mwanzo, kama daktari mmoja wa Bukavu alivyomshauri. "Chef, mimi niko na autisme. Si ugonjwa. Ni namna ubongo wangu ulivyojengwa tangu tumboni mwa mama. Maneno nayasikia jinsi yalivyosemwa, yaliyofichwa nyuma yake siyasikii. Kelele zinaniumiza. Kusalimia nasahau, si kwa kiburi. Na ninachosoma hakitoki."

Chef Ferdinand alimsikiliza mpaka mwisho, kichwa upande mmoja.

"Autisme ni ya watoto ambao hawasemi," alisema. "Weye unasema. Unasema hata kupita kiasi. Alhamisi saa tatu unakuja mbele ya kamati ya nidhamu. Kuja na mzazi."

Kina Yvette walikaa karibu na reli, upande wa Mikelenge, nyumba ya matofali mabichi yenye vyumba vitatu. Baba yake Yvette, Louis, alikuwa karani wa bohari kituoni, mtu wa sauti ndogo ambaye hata wachukuzi walimkatisha maneno. Mama yake, Julie, alikuwa akiuza mchele sokoni. Dada mkubwa, Chérie, alikuwa na mchumba, kijana wa mfanyabiashara Félicien wa Butembo, mwenye duka la mabati na saruji barabara kuu. Wakwe walikuwa wamekwisha kuja mara moja, na walitarajiwa tena baada ya wiki tatu pamoja na mahari.

Yvette alieleza habari yote sebuleni, kwa mpangilio, bila kuruka kitu. Alipomaliza, Louis alivua miwani akaisugua kwa shati.

"Sasa sikia," alisema. "Wizi wa mtihani adhabu yake ni mwaka moja. Unakaa, unasaidia mama yako, unarudi. Kwa hiyo Alhamisi utasema uliiba, utaomba musamaha, basi."

"Sikuiba, Papa."

"Najua hukuiba. Kusema tu."

"Nikisema niliiba wataniuliza karatasi niliificha wapi. Niliificha wapi?"

Louis alivaa tena miwani.

"Kwenye soksi," Chérie alisema.

"Sikuvaa soksi siku ile. Nilivaa sandali."

"Mungu wangu!" Chérie akasimama. "Mama, munamusikia? Lakini lile neno lake la Bukavu asiende kulitamka pale! Watu wa Papa Félicien wako na ndugu chuoni. Dada ya mwizi anaolewa. Dada ya mwenye kichwa kibovu, nani anamutaka?"

"Si kibovu," alisema Yvette.

Julie aliingia chumbani akarudi na mfuko wa plastiki. Ndani yake mlikuwa na barua ya daktari Fortunat wa Bukavu. Miaka mitatu nyuma Yvette alikuwa ameenda kwa shangazi yake, mfagizi katika hospitali ya huko, na daktari yule alikaa naye asubuhi nne mfululizo, akamuuliza maswali, akamwandikia ukurasa mmoja wenye muhuri. Siku aliyopewa neno lile Yvette alilala mchana kutwa, usingizi wa mtu aliyetua mzigo. Alikuwa amedhani maisha yake yote kwamba yeye ni mtu mbaya.

"Aende na barua," Julie alisema. "Hawa ni watu wa shule. Watasoma."

Alhamisi Louis alivaa koti la kuazima, la kijani, mikono imempita vidole. Waliketishwa kwenye benchi ya ukumbini tangu saa tatu mpaka saa tano na nusu. Kila mara mtu alipopita, Louis alisimama, akainama, akakaa. Yvette alihesabu: mara kumi na tisa.

Ndani walikuwa watatu nyuma ya meza ndefu: profesa Blanchard, doyen, yaani mkuu wa kitivo, mtu mnene aliyejifuta jasho kwa leso iliyopigwa pasi, Chef Ferdinand, na Madame Josiane, sekretari wa masomo, mbele yake daftari la kumbukumbu. Nje ya dirisha jenereta ilikuwa ikinguruma. Kwa Yvette sauti ile ilikuwa msumari unaozungushwa sikioni. Akaziba masikio kwa viganja.

"Toa mikono," doyen alisema. "Unakataa kutusikia?"

Akaitoa. Kuanzia hapo kila neno lilimfikia kutoka nyuma ya ule msumari.

Alianza kueleza. Alikuwa ameandika hotuba yake usiku kucha na kuihifadhi, na aliisema vizuri, kwa Kifaransa safi, bila kusitasita. Hilo nalo lilimponza. Doyen alimgeukia Chef Ferdinand. "Huyu njo mgonjwa? Anasema kuliko mawaziri."

Louis akainuka, akapeleka barua mezani kwa mikono miwili. Madame Josiane aliishika kwenye pembe.

"Barua hii imetoka Bukavu," alisema.

"Ndiyo, Mama," Louis alisema.

"Bukavu iko mukononi mwa waasi. Siye hapa ni Serikali. Siwezi kupokea muhuri wa kule."

"Barua ni ya mwaka elfu mbili na ishirini na mbili," alisema Yvette. "Waasi waliingia Februari ya mwaka huu."

"Basi ni ya zamani. Karatasi ya afya inatakiwa iwe chini ya miezi mitatu."

"Ya chini ya miezi mitatu itakuwa na muhuri wa Bukavu ya waasi."

"Unaona," alisema Madame Josiane, akairudisha barua upande wa pili wa meza kwa ncha ya kalamu.

"Daktari tulimupigia," Louis alisema. "Simu haipiti. Wanasema alikimbilia Burundi."

"Daktari amekimbia mgonjwa wake," doyen alisema, na Chef Ferdinand akacheka inavyostahili.

Doyen alijifuta shingo. Alikuwa amesoma kidogo juu ya jambo hili, alisema, jana, kwenye simu. Wenye autisme hawatazami watu machoni. Ni kweli?

"Wengi," Yvette alisema. "Mimi pia."

Hapa Kindu hilo halikuwahi kumletea shida. Msichana anayetazama chini mbele ya wakubwa anasifiwa, na majirani walikuwa wakimtolea mfano kwa binti zao. Kilichomtesa kilikuwa kingine: kwamba hupita watu bila salamu, kwamba akiulizwa kama chakula ni kizuri husema hapana.

"Mabinti wote hapa hawanitazami machoni," doyen alisema. "Wote wako na autisme? Hebu nitazame."

Yvette akainua macho akamtazama. Alikuwa ameambiwa atazame, hakuambiwa aache lini. Akatazama bila kupepesa, kama mtu anavyotazama saa ya ukutani, sekunde kumi, ishirini, arobaini. Doyen akaanza kuhangaika kitini.

"Unanitazama hivyo kama nani?" akafoka. "Mimi ni mwenzako? Shusha macho!"

Akayashusha. Madame Josiane aliandika: hana heshima.

Kisha doyen akapunguza sauti, akamgeukia Louis kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko kufoka.

"Papa, mutoto alizaliwa mwaka gani?"

"Elfu mbili na mbili. Mwezi wa kumi."

"Aa." Akaegemea nyuma. "Mwaka wa mzingiro."

Hakuhitaji kueleza. Mtu mzima yeyote wa Kindu anaukumbuka mwaka ule: wapiganaji wa Mai-Mai wameuzunguka mji, waasi wamekaa ndani, hakuna anayekwenda shambani, watu wakichemsha majani ya viazi bila chumvi, na wanajeshi wakiingia nyumba wanayotaka.

"Mama yake alikuwa hapa mjini?"

"Alikuwa hapa."

"Na weye?"

"Nilikuwa Alunguli. Nilivuka kutafuta mihogo, mto ukafungwa. Nilikaa ng'ambo miezi saba."

Doyen aliweka mkono mezani akaanza kuhesabu kwa vidole, polepole, kimoja baada ya kingine, na Chef Ferdinand akavitazama vile vidole, na Madame Josiane akaacha kuandika akavitazama pia.

"Ni mutoto wangu," Louis alisema.

"Hakuna aliyesema kitu kingine, Papa. Nauliza kwa sababu ya sayansi. Watoto wa namna ile walizaliwa wengi. Damu mbili zinapigana, kichwa kinateseka."

"Saba ni ndogo kuliko tisa," Yvette alisema. "Papa alivuka Machi, mama alikuwa na mimba ya miezi miwili. Alirudi Oktoba, siku kumi na moja kabla sijazaliwa. Munaweza kuhesabu tena."

Alidhani amemsaidia baba yake. Louis alikuwa ameinamisha kichwa, mikono yake imepotea kabisa ndani ya koti la kijani, na sikio lake moja lilikuwa limeshikwa na wekundu kama aliyepigwa.

Ni Chef Ferdinand aliyeleta wazo la kumjaribu. Alitoa syllabus yake kwenye mkoba. "Anasema kila kitu kinabaki. Tuone. Ukurasa wa arobaini na moja."

Yvette alifumba macho kwa ajili ya jenereta, akaanza. Alisoma ukurasa wa arobaini na moja kutoka kichwani, na Chef akafuata kwa kidole, na kidole chake hakikusimama mahali popote. Doyen akainama mbele. "Ukurasa wa kumi na nane!" Akausoma. "Sabini na tatu, kuanzia katikati!" Akausoma. Doyen alipiga meza akacheka mpaka machozi. Akamwagiza Madame Josiane awaite watu wa ofisi ya jirani, nao wakaja, wanaume kwa wanawake, wakajaa mlangoni, na mmoja wao akainua simu akarekodi. Walimchagulia kurasa kama watu wanaochagua nyimbo. Walimtaka asome majedwali. Walimtaka aanze mwisho arudi mwanzo, na hilo pia aliliweza. Alisoma kurasa kumi na moja.

Na katika muda ule wote, Mungu amrehemu, Yvette alikuwa na furaha. Alikuwa anawasikia wakicheka na alielewa kwamba sasa wameona, sasa wanajua hakuiba. Alifikiri ni kicheko cha watu waliogundua kosa lao. Hata alitabasamu.

Wakatolewa nje. Baada ya robo saa wakaitwa.

"Kamati imeridhika," doyen alisema akisoma. "Hakuna wizi. Neno fraude litafutwa."

Louis akavuta pumzi kwa sauti.

"Lakini binti huyu ametwambia mwenyewe, kwa mdomo wake, kwamba ubongo wake haukujengwa kama wa watu wengine. Kelele inamuumiza, na shamba liko na mashine. Maneno hayaelewi, na mkulima anasema kwa mafumbo. Chuo hakiwezi kumpa diplome muntu wa namna ile, kesho akaua watu na dawa za mimea. Anasimamishwa masomo kwa sababu ya afya, hadi atakapopona."

"Haiponi," Yvette alisema. "Nimeeleza. Si ugonjwa, kwa hiyo haiponi."

Doyen akamgeukia Madame Josiane. "Andika na hiyo. Haiponi. Kwa maneno yake mwenyewe."

Ndipo Louis akasimama. Alizunguka meza, akaupata mkono wa doyen, akaushika kwa mikono yake yote miwili, akainama.

"Asante, Profesa," alisema. "Asante sana."

Njiani Yvette alimuuliza alishukuru kwa nini. Louis alitembea mpaka wakavuka reli ndipo akajibu.

"Sijue," alisema. "Nilitaka tutoke pale."

Picha za simu zilifika mtaani kabla ya Jumapili. Zilimwonyesha Yvette amefumba macho, anasoma habari za mihogo kinyumenyume, nyuma yake watu wanacheka, na chini yake mtu ameandika: mashine ya kopi ya Kindu. Watoto wa jirani walianza kumwita hivyo, Kopi, naye akawajibu kila mara kwamba jina lake ni Yvette, nao wakarudi kila siku kulisikia jibu lile.

Kwa Félicien hawakuja kugombana, walikuwa watu wa adabu. Walimtuma shangazi mmoja na chupa mbili za mafuta ya mawese. Alikaa, akasifu nyumba, akauliza habari za soko, kisha akasema familia inaomba muda wa kutafakari, maana kijana ni wa kwanza na wajukuu ni kitu kikubwa. Aliacha mafuta. Chérie alikwenda uani akazimwaga chupa zote mbili kwenye mtaro, na tangu siku ile hakumsemesha mdogo wake. Wakiwa wawili tu jikoni, akihitaji chumvi, alimwita mama yake kutoka nje aje aisogeze.

Julie alimpeleka Yvette kwenye chumba cha maombi. Hakuamini sana, lakini alikuwa amechoka kutokufanya kitu. Siku tatu alimwacha pale bila chakula, na wanawake sita wakamzunguka wakaombea karibu na masikio yake, kwa nguvu, mikono kichwani. Siku ya tatu Yvette alitapika maji akaanguka. Wakasema ametoka. Yvette aliwauliza nani ametoka, na wapi, wakasema bado yumo.

Baada ya hapo hakutoka tena nyumbani ila kwenda kuchota maji. Alipepeta mchele wa mama yake. Wageni walipokuja aliingia chumbani bila kuambiwa.

Mwezi wa Novemba, asubuhi ya Jumamosi, Chef Ferdinand alikuja mwenyewe.

Alikuja na pikipiki, na sukari kilo mbili. Louis alimpa kiti chenye mto. Julie akatandika kitambaa mezani. Chef aliwaita Papa na Mama, akalalamikia mvua, akauliza afya za wote, mmoja mmoja, mpaka akafika kwa Yvette.

Shida yake ilikuwa hii. Kwa misimu minne alikuwa amepima mpunga kwenye shamba la majaribio la kitivo: urefu, magonjwa, uzito wa punje, kila kiwanja na tarakimu zake, yote ndani ya daftari moja kubwa lenye jalada jeusi. Tarakimu zile zilikuwa ndiyo thesis yake ya udaktari, ambayo angeitetea Kisangani mwezi wa pili. Daftari alikuwa ameliweka kwenye katoni, sakafuni, ofisini. Mchwa walikuwa wamelila. Lilibaki jalada na vumbi. Kisha akakumbuka kwamba mwaka wa pili Yvette alifanya mazoezi shambani mwezi mzima, na kazi yake ilikuwa kuhakiki daftari lile.

"Ulilisoma?" aliuliza.

"Mara nne."

Chef Ferdinand alifumba macho kidogo, kama mtu anayeomba.

"Unaweza kuniandikia?"

"Naweza. Nitarudi chuoni lini?"

"Yvette," mama yake akasema.

"Nitazungumza na doyen," Chef alisema. "Nitazungumza naye mimi mwenyewe. Tutaona."

"Tutaona ni tarehe gani?"

Julie alimfinya pajani chini ya meza. Chef alicheka, akawatazama wazazi kama mtu anayewaelewa.

"Mambo haya yanakwenda polepole, binti yangu. Lakini muntu akinisaidia, mimi si muntu wa kusahau."

Alipoondoka walimzunguka. Hata Chérie alisimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne alimsemesha. "Andika," alisema. "Akikurudisha chuoni, watu watasema umepona. Watu wa Félicien watasikia. Ulinitoa kwenye nyumba yangu, sasa nirudishe." Louis alitoka, akarudi na madaftari matatu mapya na kalamu za rangi mbili, akaziweka mbele ya binti yake, akazinyoosha zilale sambamba, kama anavyopenda.

Yvette hakuwa na njia ya kupima kama Chef anasema kweli. Hajawahi kuwa nayo. Alijua tu kwamba mtu amesema atazungumza na doyen, na maneno ndivyo yalivyosemwa.

Aliandika siku kumi na sita. Aliandika viwanja vyote, misimu yote minne, hata kile kiwanja kilichosombwa na maji, hata zile tarakimu zilizokuwa zimefutwa na kuandikwa upya. Alionyesha ipi ilikuwa chini na ipi juu. Mkono ulimvimba akaendelea kwa kuufunga kitambaa. Siku ya kumi na saba Chef alikuja, akafungua kurasa kadhaa, midomo ikimcheza, akayaweka madaftari kwenye mkoba wa ngozi akaufunga kwa vishikizo vyote viwili.

"Umeniokoa," alisema. Na alimaanisha.

Januari ilipita. Yvette alimuuliza mama yake kila asubuhi kama simu imelia, mpaka Julie akamwambia aache. Mwezi wa pili Chef Ferdinand alipanda ndege kwenda Kisangani akarudi Daktari Ferdinand, na Jumapili iliyofuata akafanya karamu mchana, nyumbani kwake, turubai tatu uani. Kadi ilikuja kwa jina la Louis na Julie. Ilisema watu wawili.

"Ni karamu, iko na muziki," Julie alisema akimfunga binti yake kitambaa cha kichwa, ingawa hakuwa anakwenda popote. "Ungeumia masikio."

"Ndiyo," alisema Yvette. "Mutamuuliza?"

"Baba yako atamuuliza."

Walirudi saa kumi na moja. Louis alikuwa amekunywa bia moja, uso umechangamka kidogo. Julie alibeba sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine: wali, paja la kuku, pondu ya majani ya mihogo. Waliketi sebuleni, na Chérie akaja akaketi pia.

"Watu walikuwa wengi," Julie alisema. "Doyen alikuwapo. Watu wa gavana walikuwapo. Alisimama akashukuru watu, akasema, nashukuru na familia ya Papa Louis, watu wa imani. Wote wakatugeukia. Wakapiga makofi."

"Alisema kwa nini anawashukuru?"

"Alisema watu wa imani."

"Alitaja madaftari?"

"Kwenye karamu, mwanangu?"

"Papa, mulimuuliza?"

Louis alivua koti, lile lile la kuazima, akalikunja juu ya magoti. Alikuwa amefika karibu naye mara mbili, na mara ya pili Daktari Ferdinand alimshika bega, akamwambia wageni, huyu njo Papa, mpeni kuku. Angesema nini na kuku mkononi?

"Siku ya furaha ya muntu," alisema, "haumuulizi mambo kama yale."

Yvette alilifikiria jibu hilo kwa makini. Aliliona lina mantiki, lakini lilikuwa na kipande kimepungua.

"Siku gani njo ya kuuliza?" alisema.

Chérie alisimama akaingia chumbani. Julie alianza kufuta meza ambayo haikuwa na kitu. Yvette alikuwa bado anangoja, amemgeukia baba yake, na alikuwa tayari kuandika tarehe.

Louis aliifunua sahani, akaisogeza mbele yake.

"Kula," alisema. "Chakula kinapoa."